Padi Iliyoshonewa Ngozi

Mie kelele za mpira sizipendi, nisimdanganye mtu. Na kwa miaka yote niliyokaa ukuta kwa ukuta na Tuhfa hapa Makorora, kelele zilizonikera kuliko za harusi na za magari ya matangazo zilikuwa za sebuleni kwake. Wala si redio. Ni gemu. Watu wazima, mke na mume, wameketi chini kwenye mkeka, miguu wameinyoosha, kila mmoja kashika kidude chake, wanachezesha mpira kwenye tivii. Ikifika baada ya alasiri, mie niko uani nageuza vitumbua, nasikia "Goli!" mpaka kitumbua kinanitoka kwenye uma. Sauti ni ya Tuhfa. Mundhir, mumewe, alikuwa hafungi, alikuwa anafungwa tu.

Majirani walisema yao. Kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, ikasemwa kwamba ndiyo maana wanacheza kama watoto. Mie nilisema pia, nina mdomo, sijifichi. Lakini nilikuwa nikisema mbele ya Tuhfa mwenyewe, na yeye alikuwa akicheka huku sindano yake ya kofia haisimami.

Maana kazi yake ilikuwa hiyo, kushona kofia za vito, zile za vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Aliletwa hapa Tanga na ndoa, mwari wa kutoka Wete huko Pemba, na sanduku lake la nguo na mkoba wa nyuzi. Ungemkuta barazani anatoboa na kuzungusha uzi, anakutazama usoni, anakuuliza habari za wanao mmoja mmoja, na vidole vinakwenda vyenyewe kwenye kitambaa. Niliwahi kumuuliza vipi anashona bila kuangalia. Akanambia kidole kikishajua tundu liko wapi, jicho la nini?

Mundhir naye alikuwa mshona makochi, kiduka chake kipo barabara ya kumi na mbili. Mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuingia nyumbani akikohoa kwanza kana kwamba ni ya watu. Ile mashine ya gemu aliachiwa na mteja aliyehamia Arusha. Ilikuwa na padi mbili. Padi ndicho kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, kina vitufe vya kubonyeza upande mmoja, na vijiti viwili vifupi vya kusukuma kwa kidole gumba. Ukisukuma kijiti mbele, mchezaji wako kwenye tivii anakimbia mbele. Ukikiacha, anasimama. Najua yote hayo kwa sababu nimeelezwa mara chungu nzima, nikitaka nisitake.

Padi moja ilikuwa tupu, kama ilivyotoka kiwandani. Hiyo ilikuwa ya Tuhfa. Nyingine Mundhir aliivalisha ngozi ya makochi, ile ya bandia ya rangi ya kahawia, akaishona kwa uzi wa nta kwa mshono wake mwembamba, ikapendeza kweli. Hiyo ikawa yake, na hakutaka iguswe. Tuhfa alikuwa akiniletea mashtaka. Mume gani huyu, shoga, ananishonea kitanda kizima na viti sita, kidude cha kiganjani anakichukua yeye. Siku moja aliinyakua, Mundhir akamnyang'anya palepale huku anacheka, akasema hiyo ameizoea mwenyewe, yeye ashike yake. Tuhfa alinuna mpaka magharibi.

Lakini uwanjani alimlipa. Alimfunga huyo mwanamume miaka nenda miaka rudi. Na mchezo wake Mundhir ulikuwa kichekesho, maana wachezaji wake walikuwa wakikimbilia kushoto tu. Mpira ukiwa katikati, wao kushoto. Goli liko wazi mbele yao, wao kushoto. Tuhfa alikuwa akimtania mbele ya wageni, mbele ya wakwe, mbele yangu. "Huyu mume wangu mwone, kila mchezaji wake ana haja ya chooni, na choo kiko kushoto." Tunacheka mpaka machozi. Mundhir naye anacheka, anasema huo ndio mtindo wake, hatuujui mpira.

Basi mtu huyo akafa. Adhuhuri tu, dukani kwake, kiti cha mteja kipo mbele yake nusu kimevaa nusu kiko uchi. Walisema ni moyo. Walipomleta nyumbani nilimwona Tuhfa amesimama mlangoni, ameshika kofia ambayo hajaimaliza, na hakulia. Siku ile hakulia, siku ya pili hakulia, hitima ikasomwa hakulia. Watu wakasema Mpemba ana moyo. Mie nilisema moyoni, huyu hajaanza.

Akaingia eda. Kwa asiyejua, mke aliyefiwa hutulia nyumbani miezi yake mpaka eda iishe, hajipambi, hajifukizi, hatoki ovyo. Mwanzoni nyumba inajaa wanawake mpaka unakosa pa kukanyaga. Halafu wanapungua. Huyu mtoto anaumwa, yule ana harusi Chumbageni. Mwisho inabaki jirani wa ukuta, na jirani wa ukuta ni mie.

Ndipo alipokuja Yakoub, kaka yake marehemu, kutoka Pemba. Mtu mzuri, simsemi vibaya. Alifanya kama inavyofanywa kwetu, alikusanya vitu vya marehemu ili vitolewe kwa waliomwosha na kumhudumia. Kanzu zikatoka, kofia zikatoka, viatu, saa, mashine ya kunyolea ndevu. Na akiwa ameinama pale chini ya tivii akazungusha nyaya, akaifunga ile mashine ya gemu na padi zake mbili ndani ya kanzu kuukuu. Kitu cha mpira, kitu cha mwanamume, atakitumia nani humu? Tena alifikiri amefanya hisani, kumwondolea shemeji yake kitu cha kumkumbusha, na kuwaziba watu midomo wasiseme nyumba ya msiba ina michezo.

Nilikuwepo. Tuhfa alikuwa ameketi kwenye mkeka, palepale pake. Nilimwona anafungua mdomo, kisha anaufunga. Mwanamke wa eda atasema nini mbele ya shemeji na wanaume wa msikitini? Kwamba hicho ni changu, mie ndiye mchezaji? Akavuta mtandio usoni. Na mie pia sikuelewa, nikadhani ni simanzi za kawaida.

Nyumba ikanyamaza. Hapo ndipo nilipojua ubaya wa kunyamaza. Nageuza vitumbua vyangu baada ya alasiri, mkono wangu wenyewe unasubiri "Goli" ije, haiji. Naweka redio, naizima. Wanangu wote wako Dar es Salaam, wanapiga simu Ijumaa. Nilikuwa sijui kwamba ile kelele niliyokuwa nikiilaani ndiyo iliyokuwa ikinikalisha na watu.

Jioni zote nilimpelekea uji. Nikawa namkuta ameinamia simu. Mpwa wake Khairiya, binti wa kakaye, msichana mwenye huruma, alimletea simu kubwa ya kioo, akamwekea gemu ya mpira humo humo, akamwambia shangazi, ni ileile, tena hii haina hata nyaya. Nikafurahi, nikasema afadhali ana cha kumpotezea wakati. Lakini kila nikiingia namwona uso umezidi kuingia ndani. Anainama, anainama, shingo kama ya mtu anayechambua mchele usiku wa giza, halafu anaiweka simu kifudifudi mkekani na kuutazama ukuta.

Siku moja nikamuuliza, simu ina nini? Akanipa nijaribu. Mnajua kile kitu? Vitufe vimechorwa tu. Kijiti kimechorwa. Unaweka dole gumba pale kwenye picha ya kijiti, linateleza, mchezaji anasimama katikati ya uwanja kama kasahau alichoagizwa. Uangalie chini uone dole liko wapi, ukirudi juu mpira ushachukuliwa. Na dole lenyewe limeziba goli. Nilimrudishia nikasema hii si ya wenye akili.

Tuhfa hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba unacheza na watu usiowajua, watu wa mbali, wana majina ya namba namba. Ukimfunga mtu goli mbili anatoka, humwoni amenuna, humsikii akisonya. Kisha akasema maneno ambayo siku hizi nikimwona mtu kainamia simu nayakumbuka.

"Chiku, kwenye padi mie sikuwa naangalia vidole. Vidole vilikuwa vinajua. Macho yalikuwa kwenye tivii, na pembe ya jicho ilikuwa kwake. Hii inataka macho yangu yote mawili, na haina hata pa kushika."

Nikamwambia basi tutamwomba Khairiya atununulie mashine nyingine, zipo madukani. Akatikisa kichwa. Hakutaka mashine. Alitaka ile padi ya ngozi. Akasema kwamba kanzu wamechukua, kofia wamechukua, hata wembe, yote hayo halali yao, lakini ile padi ndiyo iliyokuwa mikononi mwa Mundhir kila jioni ya Mungu, jasho lake limo kwenye ule mshono. Alitaka aishike pale alipokuwa akishika yeye. Mara moja tu, kama itabidi arudishe, arudishe.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akaniambia atakidai vipi, kilichotolewa kwa ajili ya maiti kukidai ni aibu, na wala nisithubutu kumwambia Yakoub. Nikamjibu kwamba Yakoub alitoa ambacho si chake, na mie kwetu hatukufundishwa kuona haya mahali pasipo haya. Eda inakataza marashi na hina na mapambo na kuzurura. Sijasikia pahala imekataza mpira wa kwenye tivii. Nikatoka na bakuli langu la uji, nimekasirika mpaka nikasahau viatu.

Nilimpigia Yakoub simu jioni ileile. Nikamsalimu vizuri, nikampa pole, halafu nikamtolea yote. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji ndiye aliyekuwa akicheza?" Maskini, miaka yote hiyo akija mapumziko alidhani kaka yake anacheza na mkewe anamwangalia. Akaomba radhi mara nyingi kuliko nilivyotaka. Mashine alimpa Ibrahimu, binamu yao wa Ushongo, ndiye aliyekuwa akimimina maji siku ya kuosha. Na akaongeza jambo lililonirusha moyo. Wiki ile Ibrahimu alimwambia kwamba padi moja ni mbovu, na kwamba anafikiria kuitupa.

Asubuhi yake vitumbua sikuchoma. Nilikwenda Pangani, nikavuka kivuko kwenda Bweni, nikachukua bodaboda mpaka Ushongo, njia nzima nimekumbatia mkoba na kumwambia dereva asirushe mawe. Ibrahimu nilimkuta kwenye nyumba ya wageni anakofanya kazi, anafagia mchanga mlangoni. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake ya kutoka rohoni. Nilipomtajia mashine akaniangalia kama mtu aliyekamatwa.

Akanipeleka chumbani kwake. Mashine ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, haichezwi. Yeye na wenzake wanacheza kwenye simu, alisema, wakiwa kazini, wakiwa wamelala, ya nini kujifunga na nyaya? Padi ya kwanza ilikuwepo. Ya ngozi haikuwepo. Nikamuuliza iko wapi. Akatazama chini. Nikamuuliza tena kwa ile sauti yangu ambayo wanangu wanaijua.

Akatoka, akaenda nyuma ya jiko la nyumba ya wageni, kwenye pipa ambalo Jumamosi huchomwa moto. Nilisimama pale jua la mchana likinichoma utosi na nikamwomba Mungu, kweli nilimwomba, kwa ajili ya kidude cha gemu, mie Chiku. Akachakura, akatoa makopo, akatoa maganda ya nazi, akatoa padi ya Mundhir. Ngozi ilikuwa na vumbi na ganda la papai. Mshono mzima ulikuwa salama.

Aliifuta kwa shati lake. Akaniambia maneno ambayo wakati ule sikuyatia maanani, nilidhani anajitetea. "Mama, wallahi si mimi niliyeiharibu. Hii imekuja hivi hivi. Inavuta kushoto yenyewe, hata usipoigusa. Nilimuuliza fundi akasema ni ya siku nyingi, kijiti kimelika kwa ndani."

Nikamwambia kuvuta na ivute itakavyo, mie nataka kuondoka. Mashine na padi zote mbili nikazifunga kwenye khanga yangu. Ile kanzu kuukuu nikamwachia, ni haki yake.

Kwa Tuhfa nilifika baada ya alasiri. Niliweka furushi mkekani nikalifungua. Aliiona ngozi. Hakuishika haraka. Alikwenda kutia udhu kwanza, Mungu ananiona sisemi uwongo, akarudi na mikono mibichi, akaketi, akaipokea kwa mikono miwili. Akapitisha dole gumba juu ya mshono, taratibu, kutoka mwanzo mpaka pale uzi ulipofungwa. Kisha akainua, akainusa. Nilitaka kumwambia ilikotoka, nikaona ninyamaze.

Tukachomeka nyaya. Yeye ndiye aliyejua wapi na wapi, mie nilikuwa nashika tochi ya simu. Sauti ya tivii tukaishusha isisikike barabarani. Uwanja ukaja, majani mabichi, watu wadogo wamevaa jezi. Tuhfa akakaa, lakini hakukaa pale pake. Alikaa upande wa Mundhir, akiwa na padi ya Mundhir mapajani, na pale pake pakabaki patupu.

Mpira ukaanza. Mchezaji wake akaondoka, akakimbia kushoto.

Tuhfa akasukuma kijiti kulia. Mchezaji akayumba, akasita, akarudi kushoto. Akabonyeza, akasukuma mbele, yule mtu akaenda mshazari, kushoto, mpaka kwenye mstari. Nikaanza kucheka, nikasema ndiyo haohao wa chooni. Tuhfa hakucheka. Akainua madole gumba yote mawili, akayaweka hewani, tukayaona wote. Hakuna aliyegusa kitu. Na yule mtu mdogo kwenye tivii akaendelea kukimbia kushoto peke yake, akafika mwisho wa uwanja, akabaki anakimbia mahali pamoja.

Maneno ya Ibrahimu yakanirudia. Ya siku nyingi. Nikamwambia Tuhfa yote, kwamba padi ni mbovu, na si leo wala jana, fundi kasema kijiti kimelika zamani. Kabla sijamaliza maneno yangu, na mie nilikuwa nimeshaelewa.

Mashine ilikuja na padi mbili, nzima moja na mbovu moja. Nzima alimpa mkewe. Mbovu aliivalisha nguo nzuri, akajifanya bahili nayo, ili mtu asiiguse akajua. Akachekwa na wakwe. Akachekwa na mie. Akafungwa kila alasiri mpaka anakufa, na akasema huo ndio mtindo wake.

Tuhfa aliiweka padi kifuani, akaikunjia mikono, akainama. Ndipo alipolia. Alilia kilio chote alichokuwa amekiweka tangu mlangoni na ile kofia, kilio cha sauti, cha mwili mzima, na mie nilimshika mgongo nikalia naye, kwa sababu nilimpenda yule bwana na sikuwahi kumwambia neno jema hata moja. Kati ya kilio alikuwa akisema, "Angeniambia. Ningempa yangu, jamani. Tungebadilishana." Alilisema hilo tena na tena. Na kweli ndilo linalouma, kwamba sasa anajua, na wa kumgombeza hayupo.

Alipotulia akajifuta kwa mtandio. Nilidhani atazima. Akaichukua ile padi tupu, nzima, akanisukumia.

Nikamwambia mie sijui, sipendi, na nina kuni jikoni. Hakunisikiliza. Akanivuta nikae pale patupu. Nikamwambia basi nipe hiyo mbovu, wewe mjuzi shika nzima yako. Akaikumbatia ile ya ngozi kama mtoto anayenyang'anywa, akasema hiyo ameizoea mwenyewe.

Basi nikacheza. Nilibonyeza kila kilichobonyezeka. Ajabu ya Mungu, vile vitufe vinajisema vyenyewe chini ya kidole, kimoja hapa, kingine pale, baada ya muda nikaacha kuvitazama. Watu wake wakaenda zao kushoto. Mpira ukanijia mguuni, sijui nilibonyeza nini, ukaingia golini. Sikujua kama nitapiga kelele. Nilipiga. Nadhani walinisikia mpaka barabara ya lami, mwanamke mzima, kwenye nyumba ya eda.

Nikamgeukia Tuhfa nione kama amenuna. Hakuwa anatazama tivii. Alikuwa ananitazama mie, macho mekundu, mdomo unamcheza.

"Kumbe," akasema, "Mundhir alikuwa ananiona hivi."

Nikamwambia aanzishe mpira.